Utepe wa Maktaba

Zenebech,

Mkirudi kutoka maktaba, mchuzi wa shiro uko jikoni, nimeufunika. Injera laini ni zenu. Zile kavu nimekula mimi. Nimepeleka sokoni netela, ule mtandio niliomfumia bibi harusi.

Majirani wakija kunywa kahawa, usianze tena kuwaonyesha ule utepe aliofuma mwanao maktaba. Umeutundika ukutani kama picha ya mtakatifu. Mimi nafuma humu ndani tangu tuoane na sijatundikiwa hata leso.

Asubuhi nilimuuliza Meklit, tena kwa upole, huyo mwalimu Hirut anawafundisha kufumia nini.

"Kipande cha boksi, Baba."

Boksi. Nikamwambia hapa nyumbani kuna mtambo wa kweli, alioniachia babu yake. Akaendelea kufunga viatu.

"Lakini kule tunaruhusiwa kugusa."

Na wewe ukacheka. Nilikusikia.

Sasa sikiliza. ~~Jumamosi ijayo asiende maktaba.~~ Aende. Ila leo akishakula, mkalishe kwenye mtambo wangu. Najua miguu yake haifiki chini, ndiyo maana huwa namfukuza. Nimefunga vibao juu ya vikanyagio, nikapima kwa viatu vyake vya kanisani. Itafika. Uzi mwekundu, ule ninaokukataza hata wewe, nimeuacha kwenye kiti.

Aanze kabla sijarudi. Nikiwepo nitamkosoa.

Atakachofuma kitundike juu ya ule utepe wa kwa Hirut. Juu, Zenebech, si kando.

Baba Meklit