Jiwe la Nyuma ya Gurudumu

Mpendwa Baba,

Kesho asubuhi gari lako la buluu litaingia kwenye uwanja wa mbio kwa mara ya kwanza. Si mashindano. Ni siku ambayo watu wa kawaida wanaruhusiwa kuleta magari yao ya kila siku kule upande wa Konza, wayaendeshe kwa kasi mahali ambapo hakuna mtoto anayevuka barabara wala bodaboda inayochomoka ghafla. Ulisema siku moja ungetupeleka. Sasa kaka Mutua ndiye atakayeshika usukani, na nimeona ni vizuri nikuandikie kabla hatujaondoka.

Tangu ulipotuacha, gari lilikaa chini ya turubai kando ya tangi la maji. Mama hakutaka kuliuza, wala hakutaka kuliona. Mutua alipomweleza kuhusu siku hiyo, aliweka mkasi wake chini ya kitambaa alichokuwa anakata.

"Nimezika bwana yangu," alisema. "Hamtanizikisha mtoto juu ya mchezo."

"Mama, mwaitu, si mchezo. Baba mwenyewe alitaka."

"Basi Baba yako aje aniulize."

Siku kadhaa zilipita kabla Mama hajalitaja tena jambo hilo, akiwa ameinamia cherehani, bila kututazama. "Mtatengeneza hizo breki nikiona. Na hiyo gari haitoki hapa mpaka mimi niseme."

Mutua alinong'ona kwamba Mama hajui hata boneti inafunguliwa wapi. Mimi sikucheka. Maneno yake yalinikumbusha yako.

Unakumbuka siku uliyonifundisha kukusaidia kutoa hewa kwenye breki? Nilikuwa darasa la nne. Uliniwekea mto mgongoni ili mguu wangu ufike kwenye kanyagio, kisha ukalala chini karibu na gurudumu, nikawa naona akala zako tu. "Kanyaga. Shikilia. Usiachilie mpaka niseme." Ulinieleza kwamba nikiachilia kabla hujakaza ile skrubu ndogo ya kutolea hewa, hewa itavutwa ndani, na gari lenye hewa kwenye breki linaweza kukataa kusimama. Baadaye ukaniuliza kutoka huko chini, "Mguu umechoka, mwiitu wakwa, binti yangu?" Nikasema haujachoka, ingawa ulikuwa unatetemeka.

Hospitalini nilikushika mkono vivyo hivyo. Hukuniambia niachilie, Baba. Labda ndiyo maana mpaka leo bado nazungumza nawe.

Nakumbuka pia siku tuliyotoka kwa Nyanya huko Kangundo. Tuliteremka vilima tukiwa na magunia ya maparachichi nyuma, mpaka breki zikaanza kunuka. Ukaegesha kando, pua ya gari ikitazama juu ya tuta. Dereva wa lori akatukimbilia na mtungi wa maji. "Mzee, mwagia! Sisi humwagia kila siku!" Ulisimama mbele ya gurudumu ukamshukuru, ukakataa. Ulimwambia kwamba chuma kikiwa moto hivyo, maji yanaweza kukipinda au kukipasua. Wala hukuvuta breki ya mkono, kwa sababu ingebana palepale palipowaka moto. Ulitoa jiwe kwenye buti ukaliweka nyuma ya gurudumu, tukakaa kwenye nyasi kungoja.

"Wengine hubeba spea," Mama alisema. "Huyu wangu hubeba mawe kama mtu anajenga."

Ulicheka mpaka kofia ikaanguka.

Leo tulianza kazi baada ya chai ya saa nne. Mutua alifunga pedi mpya za breki, zile ngumu zisizolegea zikipata joto jingi. Alipapasa diski zote kwa vidole, kama ulivyomfundisha, akitafuta ufa. Mafuta ya breki ya zamani yalikuwa meusi kama chai ya strungi. Ulituambia kwamba mafuta yakizeeka hunywa maji kutoka hewani, na uwanjani yakichemka, kanyagio linazama chini bila kushika chochote. Kwa hiyo tuliyatoa yote. Mutua alikaa kando ya gurudumu na spana, mimi nikasimama mbele ya boneti iliyo wazi niongeze mafuta mapya yasije yakaisha. Akakosekana mtu wa kukanyaga.

Mama alitoka ndani na futi ya kushonea shingoni. Akaingia kwenye kiti chako. Hakuwahi kukikalia tangu uondoke.

"Kanyaga, Mama."

Akakanyaga haraka haraka bila kupumzika, kama anavyokanyaga cherehani akimaliza mshono mrefu.

"Mama! Mama! Hatushoni sare hapa!"

"Si umesema nikanyage?"

"Mara moja! Halafu ushikilie!"

"Ungesema hivyo. Nyinyi mafundi hamjui kuongea na watu."

Mapovu yalijaa kwenye mpira mwembamba unaotoa mafuta pale gurudumuni, ikabidi tuanze upya. Lakini tulicheka, Baba. Sikumbuki mara ya mwisho tulipocheka kwenye ua ule.

Tulipomaliza magurudumu yote, Mutua alifuta mikono. "Imekwisha. Iko sawa kabisa."

Mama hakushuka. Alivua ndara, akakanyaga kwa mguu mtupu, polepole, macho yamefumbwa.

"Bado," alisema.

"Mama, hewa yote imetoka."

"Iko na mahali pamoja laini. Kama uzi umelegea. Ndani kabisa, hapa."

Mutua alinitazama. Nilimwomba turudie gurudumu la nyuma kushoto, lile lililo mbali zaidi na kanyagio. Mama akakanyaga, akashikilia. Mutua akafungua. Nikaenda kuchungulia, nikaona povu moja dogo kama punje ya mtama likipita kwenye mpira. Lilikuwa hilo tu. Mutua alikaza skrubu.

"Sasa," Mama alisema.

"Sasa nini, Mwaitu?"

"Sasa iko sawa. Kuja ukanyage usikie."

Jioni Mama aliruhusu tutoke kidogo tu, tukaenda kwenye barabara tulivu kuzoesha pedi na diski. Mama alikaa nyuma pamoja nami. Mutua aliongeza kasi, akafunga breki kwa nguvu, akaachilia kabla gari halijasimama, akarudia tena na tena. Mama alishika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili, midomo ikitembea bila sauti. Harufu ya moto ilipoingia ndani, alisema tu, "Ndiyo ile ya Kangundo." Tulirudi taratibu ili upepo upooze breki.

Tulipofika uani bado zilikuwa moto. Mutua alisimamisha gari, na kwa mazoea mkono wake ukaenda kwenye breki ya mkono.

"Toa mkono hapo!"

Mama alikuwa ameshashuka. Alifungua buti, akainua gurudumu la akiba, akalitoa jiwe lako. Alilibeba kwa mikono miwili, akaliweka nyuma ya gurudumu, akalisukuma kwa mguu mpaka likakaa. Kisha akabaki ameinama, kiganja juu ya jiwe, muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Tunaamka mapema," alisema alipoinuka. "Na hili jiwe linakuja."

Hivyo ndivyo alivyokubali, Baba.

Sijui kesho itakuwaje. Mutua ameahidi kuanza polepole na kutoka uwanjani mara tu breki zikianza kulegea. Nitasimama na Mama mahali pa kungojea, na akirudi, sisi wawili tutakuwa tayari na jiwe. Bado naogopa kidogo. Lakini leo niliusikia mguu wa Mama ukishikilia, na nikajua hatuko peke yetu sana kama nilivyodhani.

Pumzika salama, Baba. Siku hizi nafika kwenye kanyagio bila mto. Na mguu haujachoka.

Ni mimi, binti yako,
msaidizi wako wa breki