Mifuko Arobaini ya Wageni

Kaka yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, na cherehani haijapoa wiki nzima.

Nashona mifuko ya kuwakaribisha wageni wanaotoka mbali kuja harusini. Ulisema umaskini utaniumbua. Basi sikia: nimetumia vipande vya mapazia vilivyobaki kwenye kazi za wateja, na mchumba wangu amekata ngozi chakavu kibandani kwake zikawa mishikio. Ndani nimeweka maji, sabuni, karanga nilizokaanga mwenyewe, na kikaratasi: "Karibu, umetuheshimu." Inapendeza hadi majirani wanaomba kuuziwa.

Nimesikia umewakataza ndugu wasije, eti mjane wa miaka hamsini haolewi na fundi viatu. Kaka, miaka tisa nimekaa peke yangu na hukuwahi kuniuliza nimeamkaje. Yeye huniuliza kila asubuhi. Jumamosi naolewa, upende usipende.

Jana wifi, mkeo, alibisha hodi. Nikadhani umemtuma anigombeze. Akatundika mkoba wake, akavuta kiti, akasema, "Nipe sindano."

Tulimaliza mifuko kumi na minane pamoja, tukicheka mpaka mbavu zikauma. Alipoaga nikamuuliza, "Na mumeo je?"

"Nitamwambia mwenyewe. Jumamosi nakaa mstari wa mbele."

Kwa hiyo usishangae ukimwona anajipamba. Ukiamua kubaki nyumbani, chai atakuachia kwenye chupa.

Ni mimi mdogo wako, bibi harusi.