Nilikutwa Nafuta Ukuta wa Ukweni

Mpendwa Mama Felisita, pole na kazi ya kusoma matatizo yetu, naomba unisaidie kabla mambo hayajaharibika zaidi, maana mimi ni kijana wa miaka thelathini na moja, nina steshenari yangu hapa Bariadi mjini, sinywi, sina ugomvi na mtu, ila nina kaugonjwa ka kupenda vitabu vya katuni vya zamani, vile vya miaka ya themanini, ninavyo sitini na tatu kwenye sanduku la bati, nimevitilia majani ya mwarobaini wadudu wasivile, vilivyochanika naviunga kwa gundi ya wanga na karatasi nyembamba, na sijawahi kumwonyesha mtu, hata mchumba wangu Milembe, kwa kuogopa kuchekwa.

Sasa kimoja nilikiokoa mikononi mwa muuza karanga wa Maswa aliyekuwa akichana kurasa za kufungia, na ukurasa wa mwisho ulishakwenda na karanga, ni hadithi ya dereva wa lori la pamba, breki zimekatika mteremkoni na mkewe yuko juu ya marobota, na huu mwaka wa tisa sijui kama walipona.

Mwezi uliopita tulikwenda Zagayu kwa akina Milembe, mjomba wangu Josia ndiye mshenga, tukaketishwa sebuleni, ukuta umebandikwa magazeti ya zamani kama nyumba nyingi za kule, na mama yangu sikudanganyi, mbele ya pua yangu ulikuwa ukurasa ule ule, lori langu la pamba linachungulia pembeni, maandishi yote yamefunikwa na kalenda ya parokia. Wazee walipotoka nje kuteta nilishindwa kuvumilia, nikasogeza kalenda, nikachovya leso kwenye maji ya kunywa niliyopewa, nikaanza kulowesha pembeni nione kama gundi ni ya unga, maana ya unga hulainika ukurasa ukabanduka, na kabla sijasoma hata neno akaingia shangazi yake Milembe, Nyamizi, akatazama leso, akatazama ukuta, akasema taratibu, "Baba, nyumba hii tumeifagia tangu alfajiri kwa ajili yako." Kwa aibu nikajibu nilikuwa naua buibui.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Mahari haikuzungumzwa, tulipewa chakula tukaagwa kwa heshima, na wiki iliyofuata ujumbe ukaja kwamba kama nyumba yao ni chafu na ina buibui, nitafute kwa wasafi. Milembe hapokei simu. Nampenda sana, mama. Je, nimtume mjomba na mbuzi wa kuomba radhi tushikilie buibui, au niseme ukweli nionekane mtoto? Na samahani kwa kuuliza, ukurasa ule una thamani gani, na naweza kuuomba?

Athanasi, Bariadi.

Athanasi, nimecheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini, kisha nikakukasirikia. Umekwenda kuposa, umepewa maji ya kunywa, ukaoshea ukuta. Ingekuwa kwangu ningekuletea na ndoo umalizie jikoni.

Kupenda katuni si utoto. Mtu mwenye subira ya kuunga karatasi zilizochanika, hata mimi ningempokea kuwa mkwe. Utoto ni kusingizia buibui. Na simu yako ina kamera, dukani una mashine ya kuchapisha. Kuomba ruhusa upige picha kulikushinda nini?

Thamani yake sokoni siijui. Ninachojua, kuna mama alikoroga uji wa unga, akapanda juu ya kigoda, akapamba sebule yake. Ukiubandua, wageni wote wataona udongo. Ukurasa hautoki pale, na usiuombe.

Mbuzi apelekwe, lakini uende mwenyewe, na sanduku lote kichwani. Anza na shangazi Nyamizi, maana yeye ndiye aliyefagia. Mwambie hapakuwa na buibui, ulikuwa unapima gundi. Wafungulie katuni zako mezani wacheke mpaka watosheke, na ukae umeupa ukuta mgongo.

Ila kabla ya Zagayu, mwandikie Milembe leo; simu hapokei lakini ujumbe atausoma. Mtoto aliyekulia kwenye sebule ile kajifunzia kusoma kwenye ukuta ule, kabla kalenda ya parokia haijaletwa. Miaka tisa unahangaika na dereva na mkewe, na mwanamke unayetaka kumuoa hukuwahi kumuuliza. Mwambie ukweli wote, halafu muulize kama walipona. Akikujibu, jua amekusamehe.