Mkono wa Hina wa Gredi ya Nne

Abaayo Sahra, dada yangu,

Amani ikufikie huko uliko. Ni mimi Fatuma, wa meza iliyopakana na yako ofisini. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Leo siichani.

Gredi ya Nne yako inaandika aya, abaayo. Wale wale ambao sikukuu yao nzima ilikuwa "tulikula, tulifurahi, mwisho." Mmoja ameandika jinsi mbuzi wao wa Idd ya kuchinja alivyokata kamba akakimbilia sokoni Griftu, kana kwamba anataka kuuzwa tena. Nilicheka peke yangu, halafu nikalia.

Unakumbuka kabla ya Idd ya kufungua? Uliwaambia wachore mkono daftarini. Kiganjani waandike sentensi kuu. Kwenye vidole waandike walichoona, walichosikia, walichonusa, walichoonja, walichogusa. Chini, penye kifundo, wafunge aya. Wasichana wakazungushia maua ya hina. Wavulana walikataa katakata, ukawaacha wachore chapa za ngamia wa kwao.

Mimi nilichungulia dirishani, nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. "Sahra anachoresha watoto hina, na mtihani uko karibu." Mtihani ulikuwa kisingizio tu. Ulikuwa wivu, Sahra. Wangu walikuwa wakipiga miayo, wako wakigombea kusoma. Wiki hiyo hiyo ukanyang'anywa darasa, nikapewa mimi.

Na ukaja kulia kwangu. "Abaayo, nani amenisema kwa mkubwa?" Nikakumiminia chai, nikasema binadamu ni wabaya.

Asubuhi ya Idd ukabisha mlango wangu na sahani ya halwa, kama desturi yetu, ukanishika mikono yote miwili. "Kama nimekukosea mwaka huu, nisamehe." Nikajibu nimekusamehe. Mimi! Tena halwa yako nikaila. Nilijua pale pale kwamba huo ndio ulikuwa wakati wa kusema, nikajiambia kesho, na kesho yake nikajiambia hivyo hivyo. Wiki mbili baadaye homa ikakupeleka hospitali na hukurudi.

Kaka yako alinisimulia kwamba kule makaburini imamu aliuliza kama yupo anayekudai. Hakuna aliyeuliza wewe unamdai nani.

Sijamaliza aibu yangu. Mwezi huu niliwarudishia watoto mkono wako. Juzi ofisa wa elimu akapekua madaftari, akanisifu mbele ya walimu wote: "Mwalimu Fatuma ni mbunifu." Nikainamisha kichwa kama mwenye haya, nikapokea.

Jana watoto wakadai nami niandike yangu. Nikaandika ubaoni: "Idd ya kufungua nilimdanganya mtu aliyenipenda." Chaki ikagoma hapo. Deka, yule mdogo wa mstari wa mbele, akasubiri, akachoka. "Mwalimu, lakini hujasema ulimdanganya nini. Mwalimu Sahra angekurudishia daftari."

Kweli, ungenirudishia.

Kesho asubuhi tuna mkutano wa walimu. Nitasimama mbele ya mwalimu mkuu niseme kazi ile ni yako, na aliyekusema ni mimi. Wakinichukulia darasa, wachukue. Wenzangu wakininunia, nimeyataka.

Mungu akurehemu, abaayo, akupanulie kaburi lako. Najua moyo wako, hukawii kusamehe. Safari hii usinisamehe upesi. Ngoja kwanza niseme.

Fatuma