Bwawa Lisiloshika Maji

Jumatatu, 3 Machi

Limejaa! Bwawa langu limejaa mpaka ukingoni. Maji yanaporomoka juu ya mawe aliyojenga shemeji, daraja la mbao limetulia, na wageni wa bustani wameshapiga picha palepale tulipoandika wasipite. Chini kuna nailoni nzito ya kuzuia maji, juu yake tope la kupandia mayungiyungi.

Bibi Maua, anayeyatunza, ndiye pekee ambaye hakufurahi. Yamo kwenye mabeseni tangu tulipobomoa bwawa la zamani. Na nani alishikilia libomolewe? Mimi. Aina ile haipo tena popote, ni hiyo tuliyo nayo. Nilimwahidi yatarudi majini kabla hayajachoka. Akasema yameshachoka, mwanangu, sasa yanavumilia tu. Tope likitulia tutapanda. Siku chache!

Jumanne, 4 Machi

Maji yamepungua. Kama vidole viwili. Shemeji anasema tope jipya lazima linywe kwanza, na jua nalo lina sehemu yake. Labda. Lakini aliyejenga mawe ni yeye, atasema nini kingine?

Nimekata kipande cha nondo, nimekipiga mistari ya rangi nyekundu. Kila asubuhi nitaingia nipime mwenyewe. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini: chora alama kwenye jiwe, bosi, uache kujilowesha. Nikamwambia mawe ni yako, nondo ni yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Yamepungua tena — zaidi ya jana! Naingia kabla geti halijafunguliwa, suruali nimekunja, tope linanyonya miguu. Nasukuma nondo mpaka igote chini, nasoma mstari. Leo nimepima ukingoni, katikati, chini ya daraja, maana sehemu moja inaweza kunidanganya. Kote habari ni ileile.

Bibi Maua amekuja na jani mkononi. La njano. Aliliweka tu mezani kwangu, juu ya ramani.

Nimemwambia hatuwezi kupanda kwenye bwawa linalokauka. Akaniuliza, kwa hiyo tupande wapi, kichwani kwako?

Jumamosi, 8 Machi

Magotini. Jana yalikuwa mapajani.

Mkuu wa bustani ameniita. Anataka kujua kosa ni la nani, wageni wa ufunguzi wameshaalikwa. Nikasema huenda ni mawe. Nikasema «huenda». Lakini nilisema.

Jumapili, 9 Machi

Nilikwenda kwa dada. Kosa kubwa! Shemeji alikuwepo, akanipisha kiti kama mgeni. Hapo nikajua habari zimemfikia. Chai ilinywewa huku watoto wakitutazama.

Dada alinisindikiza mpaka barabarani. Akaniuliza kama nimeona ufa wowote kwenye yale mawe. Nikasema sijaona. Basi umesema nini kwa Mkuu? Akasema ukimwaga unga wa mume wangu, umemwaga wangu, na mimi ndiye niliyekulea mama alipoondoka. Kisha akageuka, hakungoja niagane.

Nampenda dada yangu. Na bwawa halishiki maji. Nifanye nini mimi?

Jumatatu, 10 Machi

Shemeji amepaka saruji upya kila kiungo cha mawe, peke yake, kwa magoti. Tumejaza maji tena. Nimepima asubuhi, mchana na jioni. Nondo sasa naishika kuliko ninavyoshika kijiko.

Yanashuka! Kasi kuliko mwanzo. Maji yamenifika shingoni, na bwawani hayafiki hata magotini — ningecheka kama ningekuwa na nguvu.

Jumanne, 11 Machi

Mayungiyungi ya mabeseni mawili yameoza. Bibi Maua ameyamwaga nyuma ya kitalu, akajifuta macho kwa kiganja chenye tope. Limebaki beseni moja. Moja!

Jumatano, 12 Machi

Mkuu amemsimamisha shemeji kazi. Mbele ya wote. Shemeji alikusanya mwiko, timazi na kofia yake, akaviweka kwenye ndoo. Akanipita. Sikuweza kumtazama. Alisema, kwa upole kabisa: «Kesho toeni maji yote, shem. Kwangueni tope muitazame nailoni. Mimi mawe yangu nayajua.»

Dada hapokei simu.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika kibandani, mlango nimeufunga.

Tumetoa maji. Tumekwangua tope kwa mikono ili tusiikwaruze nailoni. Kwanza tulipata tundu moja chini ya daraja. Dogo, la mviringo, safi. Halafu jingine. Halafu ukingoni, katikati, kila upande — kama chujio! Vibarua wangu wote wakaanza kubishana. Mmoja kasema kaa, mwingine kasema panya.

Mimi nilijua kabla sijainama. Pale ukingoni nilisimama Alhamisi. Pale katikati, Alhamisi hiyohiyo. Naweza kusimama juu ya kila tundu na kusema ni asubuhi ipi. Nilikuwa nasukuma mpaka igote! Ee Mungu wangu, ilikuwa haigoti. Ilikuwa inapita. Na zile siku za mwanzo, vidole viwili vile — lilikuwa tope tu, linakunywa, kama alivyosema.

Nondo ipo hapa, imeegemea ukuta. Ncha yake niliikata mshazari, haraka haraka. Nimeigusa. Inachoma.

Mkuu hakusema kaa wala panya. Amesema huu ni mkono wa mtu. Fundi mwenye kinyongo. Eti ndiyo maana alijua tukatazame nailoni! Anataka kupeleka jambo hili polisi leo hii, na amemtuma mlinzi akamlete shemeji kutoka nyumbani. Mbele ya dada. Mbele ya watoto.

Bibi Maua yuko ukingoni na beseni lake la mwisho, amelifunika kwa kanga mbichi. Ananiita, nadhani. Hapana — ni Mkuu. Anapiga kelele kutoka bwawani: njoo na ile nondo yako, tuitie kwenye tundu tuone ukubwa wake.

Nimemjibu naja.