Ubao Aliouchukua Mtani

Maganga, rafiki yangu,

Shikamoo leo sikupi. Ulisema mwenyewe kwamba mtu akishakula malkia wako kwenye sataranji hana haja ya kukuamkia tena, na mimi malkia wako nimewala wengi.

Nakuandikia nikiwa nimefunika cherehani, maana nimechoka kuambiwa nitulie. Hapa Tabora kila mtu ana ushauri kuhusu huzuni yangu. Mwanao Luhende ananiambia, "Baba mdogo, mambo ya mzee yameshapita, pumzika." Mchungaji anasema nimwachie Mungu. Yaliyo ya Mungu nimemwachia. Sataranji hakuiomba.

Hujui kilichotokea siku tuliyokuzika, maana ulikuwa na shughuli nyingine. Unakumbuka ulipopelekwa hospitali uliacha mchezo wetu umesimama kibarazani kwako, ukaniusia nisiguse kete, zamu ni yako. Sikugusa. Nilifunika ubao kwa kipande cha kitambaa cha mteja, Mungu anisamehe, na nikawa nafukuza kuku wa mkeo kama mlinzi wa benki. Hata ulipokata roho sikuufunua.

Tuliporudi kutoka makaburini watani walikuwa wameshaanza kazi yao. Mmoja amevaa koti lako la reli, mwingine kajilaza mlangoni, hapiti mtu mpaka apewe jogoo. Sawa, hiyo ni haki yao, tangu babu zetu Wanyamwezi walipokuwa wakibeba mizigo ya watu hadi kwao pwani. Ndipo akapanda kibarazani Mwanaidi, yule mjane wa Kizaramo anayeuza wali ng'ambo ya barabara. Akatandika kanga, akakung'utia kete zote humo, na ubao akaupachika kwapani.

"Marehemu alikuwa anafungwa," akatangazia msiba mzima. "Nimemwokoa na aibu."

Watu wakacheka hadi mkeo akacheka. Na mtani, kama unavyojua, hagombezwi. Mimi nilibaki nimesimama pale na kitambaa mkononi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli. Ulikuwa unafungwa.

Nikasusa wali wake. Nikasema nitapata mtu mwingine wa kucheza naye, mwenye ubao wake, nimwonyeshe yule mwanamke kwamba sikuhitaji chochote kilichomo kwenye kanga yake.

Maganga, mji huu una watu wengi na hauna mtu. Mwalimu mmoja wa hesabu alinipokea vizuri, akanitolea simu. "Mzee Mihayo, humu utacheza hata na Mrusi, saa yoyote." Nikacheza na huyo Mrusi. Alipoona anakaribia kufungwa akatoweka. Wewe ukikaribia kufungwa ulikuwa unakohoa, unaomba maji, unakumbuka mazishi ya shangazi yako, lakini hukutoweka. Na siku ya kubeba jeneza lako, Mrusi angeshika upande gani?

Kijana wa ofisini alikuja na ubao mzuri sana, na saa ya kubonyeza, na vitu amevichomeka masikioni. Nikamwambia farasi wake anatembea kama mbuzi aliyelishwa tumbaku ya Urambo. Akatoa kimoja sikioni, akauliza, "Umesemaje?" Nikarudia. Akakunja ubao wake akaondoka, amekasirika kabisa. Kumbe kuna watu wanajua sataranji na hawajui mchezo.

Nikaendesha baiskeli hadi Ntalikwa, nilikosikia kuna katekista anayecheza. Alikuwa anacheza drafti. Alinilisha viazi vikavu vya matobolwa, akaniombea, nikarudi.

Basi nikavuka barabara. Sikuvuka kwa hiari, nilivutwa na njaa ya ile kelele yetu. Nikamwambia Mwanaidi nipe ubao wa rafiki yangu, jogoo nitaleta.

"Sitaki jogoo," akasema, anaendelea kupakua wali. "Jogoo angeleta mwana wa marehemu, hakuleta. Wewe kaa. Ukinifunga, beba."

Nikacheka. Nilidhani ni kazi ya dakika chache. Hajui sataranji, Maganga, hata kidogo. Amekulia kwenye drafti ya vizibo, na kwenye drafti ukiona cha kula lazima ule. Basi alikuwa anakula kila kitu. Namtegea askari, anamla, malkia wake anakwenda. Namtegea tena, anakula tena. Nikamweleza kwamba huku hakuna anayelazimishwa kula.

"Kwenu Unyamwezini labda," akanijibu. "Ndiyo maana babu yako alitembea na pembe za tembo kichwani miezi na miezi, akafika pwani akauliza haya maji yote nani kayamwaga."

Nikamwambia kwao Wazaramo wanalala chini ya mnazi wakisubiri chakula kidondoke. Nikamfunga. Nikasimama, nikaushika ubao, na mikono ikakataa. Ningeubeba niupeleke wapi? Kwa nani? Nikaketi nikapanga kete upya. Mwanaidi aliniwekea sahani ya wali, akaanza kucheza yeye.

Tangu hapo tunacheza kila Jumapili jioni, wali ukiisha. Mtaa unasema Mihayo anatafuta mke. Waseme. Anayetafuta mke hamwambii mwanamke kwamba malkia wake amekaa kama kuku anayetaga. Luhende naye kaja kuniambia si heshima, ubao wa baba yake kuchezewa kwenye banda la wali. Nikamwuliza heshima ni ipi, ubao kukaa kabatini ukiliwa na mchwa? Akanyamaza. Ana kunyamaza kwako yule mtoto. Ilinibidi nigeuke kidogo.

Jumapili iliyopita nilimtegea askari kama kawaida. Mwanaidi akamtazama. Akajifuta mikono kwenye kanga. Akamwacha. Akasogeza farasi mahali ambapo sikupaona kabisa, na mimi, kwa hasira na furaha, nikasema, "Maganga, wewe mwizi."

Limetoka lenyewe. Miaka yote nilikuwa nalisema hilo.

Hakucheka, na kucheka ilikuwa haki yake. Alisema tu, "Maganga kapumzika. Cheza wewe."

Nikacheza. Alinifunga, kwa haki, na wote waliokuwa bado bandani waliambiwa.

Kwa hiyo sitatulia, rafiki yangu, na sitapumzika, na wanaotaka nikae nimeshika tama kwa ajili yako watafute mzee mwingine. Kifo kimekuchukua wewe. Jumapili hakikupewa. Nakuahidi nitacheza ana kwa ana, na mtu anayepumua na kunitukana, mpaka mikono ishindwe kushika kete, na huyo mwanamke nitamfundisha kila hila uliyonifanyia.

Lala salama, Maganga. Siku nitakayokuja usinitegemee huruma. Mimi nitakuwa na mazoezi.

Ni mimi,
Mihayo