Mizani Niliyoiacha Makutano

Mwalimu,

Nimeketi kuandika mara tatu, na mara tatu nimeinuka. Chai imepoa. Gari la Siakago linaondoka saa tatu na mimi bado nazunguka humu dukani, naigusa mizani yako, naiacha, naigusa tena. Afadhali niseme upesi kabla sijapata kisingizio: nimekuchafulia jina.

Unaikumbuka ile mitungi sita ya kuzimia moto uliyomjazia Njeru wa duka la mbao kule Siakago, safari yako ya mwisho kabla hujalazwa? Miezi mitano baada ya kukuzika nilienda kuikagua. Peke yangu, kwa mara ya kwanza. Mizani niliiacha hapa dukani, Makutano ya Meru. Nilishakucheka sana kwa kuibeba kila mahali kama mtoto mgonjwa. Mimi masikio yangu yalinitosha. Hapa Meru ukitikisa mtungi wa kaboni dayoksaidi unasikia maji ya ile gesi yakicheza ndani, unajua umejaa, unaenda zako. "Wacha kutikisa, Kawira. Pima," ulikuwa ukiniambia. Nami naitikia ndiyo Mwalimu, ukigeuka natikisa.

Nilifika Siakago saa saba mchana. Jua la huko unalijua. Nikatikisa wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Yote sita. Chuma chenyewe ni kizito, kwa hiyo mkono haukuniambia kitu. Njeru alikuwa amesimama hapo na wateja wake, na mimi kwa kiherehere changu nikatangaza kwamba mitungi ni mitupu. Nikabandua karatasi zako za ukaguzi zenye sahihi mbele ya watu wote, nikazitia mfukoni, na mtungi mmoja nikauchukua nirudi nao. Njeru akasema, "Kumbe huyo mwalimu wenu alikuwa anatuwekea sahihi tu?" Nilinyamaza, Mwalimu, na wao wakaelewa wanavyoelewa watu.

Maneno yalimfikia mkeo kanisani. Kesho yake asubuhi alikuja hapa, akakataa kiti. "Kawira, mzee wangu hakuwa mwizi." Akaondoka.

Nilikasirika, nakiri. Nilikukasirikia wewe. Nikaunyanyua ule mtungi mmoja niliorudi nao, nikautupe nyuma ya duka. Kulikuwa na baridi, ukungu haujaondoka barabarani. Maji yakacheza ndani.

Niliuweka kwenye mizani. Uzito ni ule ule uliouandika kwa mkono wako kwenye karatasi.

Hapo ndipo nilipokukumbuka na kikombe chako cha chai, ukinichosha na fizikia yako ya kabla ya kustaafu: kwamba kitabu cha shule kinazipa gesi zote tabia moja, lakini kila gesi halisi ina joto lake. Hii yetu ikipita nyuzi thelathini na moja haikubali kuwa maji, hata uikandamize vipi. Imo yote mtungini, ila hakuna cha kucheza. "Gesi hazijasoma hicho kitabu, Kawira," ulisema, ukacheka. Nami nikacheka. Sikuwa nasikiliza, nilikuwa natazama simu.

Mkeo nilimweleza siku hiyo hiyo. Alinishika mkono. "Mimi nilijua," akasema. "Enda uwaambie wale hawajui."

Ndiyo maana situlii. Tangu alfajiri nafunga mkoba na kuufungua. Naogopa watanicheka, na wakinicheka ni haki yao. Nataka kufika saa saba ile ile, jua likiwa pale pale. Nitaitikisa mitungi wasikie kimya, kisha nitaipima mmoja mmoja wasome wenyewe. Karatasi zako nimezinyoosha kwa pasi, zote sita, na gundi ninayo. Wale wateja wasipokuwapo, nitawatafuta soko zima. Sitasema lilikuwa kosa la jua. Nitasema Mwalimu alijaza, mimi ndiye sikupima.

Pumzika sasa. Nakuahidi hakuna mtungi nitakaoukagua tena kwa masikio, popote pale, hata wakinicheka kama nilivyokucheka.

Gari linapiga honi. Namalizia nimesimama, mizani iko begani. Ni nzito kweli. Miaka yote ile uliibeba, na hata siku moja sikukupokea.

Kawira